Hedfoni Zenye Uzi Mwekundu

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei mpaka wakulima wa Nyeri wakaanza kupeleka mbuzi sokoni kwa teksi, Mutahi alikuwa ameketi katika hoteli moja karibu na stendi, akinywa chai ambayo hakuwa na nia ya kuilipia. Meza ya pili alikuwapo mzee Hezekiah wa Ruring'u, kofia kichwani, redio mpya ya transista mbele yake. Taarifa ya habari ikaanza. Mtu wa meza ya jirani akasogeza kiti chake ili naye asikie. Mzee akamtazama, akapunguza sauti. Yule akasogea tena. Mzee akainyanyua redio, akaibana sikioni kama anayeuguza jino, akaugeukia ukuta.

"Betri nanunua mimi," alinung'unika, "na habari asikize yeye?"

Mutahi akaweka kikombe chini taratibu. Watu wengine walimwona mzee bahili. Yeye aliona duka.

Kabla hatujaendelea, haki itendeke: Mutahi hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumwibia maskini, maana maskini hana kitu. Alikuwa amewauzia watu wa Endarasha dawa ya kumfanya kuku atage kwa furaha, na watu wa Karatina mafuta ya kuzuia mvi yaliyozuia nywele pia. Ulimi wake ulikuwa laini, suti yake ilikuwa moja, na dhamiri yake aliitunza vizuri kwa kutoitumia.

Lakini alikuwa na kitu kimoja cha kweli. Mzungu mmoja wa ngano kule Timau alikuwa ameuza shamba arudi kwao, Mutahi akaenda kumsaidia kufunga mizigo, na kwa bahati ambayo sheria ina jina lake lingine, mzigo mmoja ukafungikia upande wake. Ndani mlikuwa na amplifaya ya Kijerumani, mashine ya santuri, na hedfoni nzito zenye mito ya ngozi. Jioni ya kwanza aliweka santuri ya gitaa aliyokuwa ameisikia mara elfu vilabuni. Akamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Akasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Mwisho kabisa, wimbo ukiisha, akasikia mtu akisukuma kiti nyuma ili ainuke. Mutahi alivua hedfoni akageuka, akidhani kuna mtu chumbani.

Tangu siku hiyo, kila jioni alijifungia mlango akausikiliza wimbo ule hadi kwenye kiti. Alikuwa amewadanganya watu wote aliowajua, mama yake akiwemo, nao wengi walimrudishia. Hedfoni zile ndizo pekee zilizomwambia ukweli. Alizipenda, na tusione haya kusema hivyo: alizipenda kuliko alivyowahi kumpenda binadamu.

Basi, baada ya ile chai, alikwenda mbio hadi Majengo kwa Abdulatif, fundi wa redio ambaye kibanda chake kilijaa pasi zilizoungua na redio zilizokata roho.

"Abdulatif, hizi maiti zako nazitaka zote."

"Uzizike?"

"Nizifufue. Nusu kwa nusu."

Abdulatif alimwomba Mola msamaha mapema, kisha akachukua bisibisi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Waliunda masanduku ya mbao, wakayapaka vanishi, wakayatia matumbo ya redio kuukuu, na mbele wakaweka balbu mbili za tochi zilizopakwa rangi nyekundu, zifanane na valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani ya mashine za bei. Hiyo ndiyo "amplifaya ya valvu". Hedfoni walizipata za simu, zile za kuitikia "haloo", wakazishonea mito ya sponji na ngozi ya viatu hadi zikafanana na zile za Mjerumani. Kwa macho, yaani. Kwa sauti, zilinguruma kama nyuki ndani ya debe.

Chumba cha kuonjea kilikuwa nyuma ya kibanda, pazia zito na kiti kimoja cha heshima. Mezani yalikaa masanduku mawili, moja la bati na moja la valvu zinazong'aa. Mteja alivalishwa hedfoni za kweli, akaambiwa alinganishe. Masanduku yote mawili yalikuwa pambo tu, sauti yote ilitoka kwenye amplifaya ya Mjerumani iliyofichwa chini ya meza. Tofauti ilikuwa kidole cha mwisho cha Mutahi: alipogeuza swichi kuelekea sanduku la valvu, kidole kilipandisha sauti kidogo, kidogo tu. Sikio la mtu ni kama mtoto mbele ya sahani mbili, litaipenda ile iliyojaa zaidi na kuapa kuwa ndiyo tamu.

Mzee Hezekiah ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Mzee, redio ya sanduku ni ya kijiji," Mutahi alimwambia akimfuta vumbi mabegani. "Wewe unanunua, kijiji kinacheza. Lakini hii, hata bibi akikaa kando yako, hapati kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata harufu."

Mzee akaketi upesi. Mutahi akamvalisha. "Hii ya kwanza ni ya bati. Sikiza vizuri. Ni maji ya kuoshea sufuria, sivyo? Sasa hii ya valvu." Swichi ikageuka, kidole kikafanya kazi yake.

"NGAI!" Mzee alipaza sauti, kama wafanyavyo wote waliozibwa masikio. "HII IKO NA NYAMA!"

"Supu ya kichwa, mzee. Na ujue kitu moja. Zile utabeba ni mpya, ziko ndani ya boksi. Hedfoni mpya ni kama kiatu, inataka kuzoea mwenyewe. Mwanzo itakunguruma kidogo. Usikate tamaa. Miezi tatu, itafunguka."

Miezi mitatu ilikuwa muda ambao Mutahi alikadiria kuutumia Nyeri.

Mzee alilipa kwa bonasi ya kahawa na akaondoka na boksi lililofungwa kamba. Nyuma yake walikuja wengine, maana hakuna mkulima aliyetaka kuonekana sikio lake ni la bati. Mmoja wa Endarasha, ambako nguzo za stima zilikuwa bado ni ahadi za wanasiasa, alinunua vilevile akaviweka sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma, vingojee. Hakuna aliyerudi kulalamika. Kila aliyesikia nyuki alidhani jirani yake anasikia malaika, akanyamaza.

Ndipo akaingia Kabura.

Alikuwa mama mnene mwenye leso nyekundu ya pindo refu, mfanyabiashara wa mchele kati ya Wang'uru na Nyeri. Aliketi kwenye kiti cha heshima, mguu wake ukagonga kitu chini ya meza, akavaa hedfoni, akafumba macho. Mutahi akaanza wimbo wake wa sufuria na supu, lakini mama yule akainua mkono.

"NYAMAZA, KIJANA! KUNA MTU ANAPUMUA HUMU!"

Mutahi aliuondoa mkono kwenye swichi. Wateja wote waliopita walikuwa wamesikia nyama na supu. Hakuna hata mmoja aliyesikia pumzi.

"Ngoja mwisho, mama," alisema, akajishangaa kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kweli. "Mwisho kuna kiti."

Walingoja pamoja. Kiti kikasukumwa. Kabura akafumbua macho akatabasamu, na kwa muda mfupi Mutahi alisahau kwamba alikuwa kazini. Huo ndio muda ambao vidole vya Kabura vilichomoa uzi mmoja kwenye pindo la leso na kuufunga kwenye utepe wa hedfoni, fundo juu ya fundo.

"Sasa sikiza," alisema. "Sisi wa mchele tuko na chama kule Wang'uru. Mavuno imekuwa mzuri. Kila mtu anataka seti yake, hata wale viziwi. Lakini wenzangu hawanunui kitu kwa mdomo yangu. Sampuli lazima isafiri."

"Nitakupatia ingine mpya, mama, iko ndani ya..."

"Zii, hapana. Gunia nimeonja ndio nafunga uzi yangu. Hiyo ndio desturi ya soko letu, ama mtu ataonja mchele ya pishori apelekewe ile ya sindano haina harufu." Akaugusa uzi mwekundu. "Hii ndio nimeonja."

Mutahi aliutazama uzi. Ungekatwa, angejua. Akatazama zile hedfoni, moyo ukamwambia hapana. Kisha akafikiria chama kizima cha watu wa mchele, viziwi wakiwemo, na moyo ukaambiwa ungoje nje.

"Na mimi nitajuaje utarudi?"

"Nje kuna pickup. Nitakuachia gunia tatu za pishori, rehani. Nikipotea, kula."

Magunia yakaingizwa. Mutahi, mtoto wa milimani aliyelelewa kwa mahindi na maharagwe ya githeri, aliujua mchele kama wajuavyo watu wa milimani: kwa pua. Alifungua gunia la kwanza, akatia mkono, akanusa. Harufu ya pishori ikajaa chumba kizima mpaka Abdulatif akameza mate huko nje. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Akatikisa kichwa kama mtaalamu.

"Siku ngapi, mama?"

"Jumatatu niko hapa."

Hedfoni alizifunga mwenyewe kwa kitambaa safi. Alipompa, mkono wake ulikawia kidogo kuachia.

Jumatatu ikaja bila Kabura. Jumanne pia. Alhamisi Abdulatif alisema, "Bwana Mutahi, mwenye rehani amekawia, na njaa haikawii." Wakaliburuta gunia moja hadi kwa Subira, mwenye hoteli ya pilau pale Majengo. Subira hakunusa. Aliweka sinia kubwa chini na kulipindua gunia lote kwa mguu.

Ukamwagika mchele wa pishori, mweupe, wenye harufu, kiasi cha kumrushia bibi harusi. Kisha yakamwagika makapi, yaliyochanganywa na mchanga wa mto ili uzito usiseme.

"Nikupikie ipi kwanza?" Subira aliuliza. "Makapi au mchanga?"

Mutahi aliliachia gunia. Alikaa chini hapo hapo kwenye vumbi na suti yake moja. Hakuufikiria mchele kabisa. Alifikiria kwamba jioni itafika, na hatasikia pumzi.

Jumamosi, kibanda kikiwa kimejaa wateja wanaomngoja, pazia likafunguliwa. Alikuwa mzee Hezekiah. Shingoni mwake zilining'inia hedfoni nzito zenye mito ya ngozi, na kwenye utepe, uzi mwekundu.

"Watu wangu," mzee alisema, akivua kofia kana kwamba yuko madhabahuni, "nimekuja kutoa ushuhuda. Huyu kijana aliniambia hedfoni ni kama kiatu, nisikate tamaa, zitafunguka. Mimi mwanzo nilisikia nyuki. Nikasema, Hezekiah, umeliwa. Lakini ati nini? Zimefunguka! Juzi nimesikia mtu anapumua!"

Wateja wakaguna kwa heshima. Mutahi alifungua mdomo. Akisema hizi sizo nilizokuuzia, wateja wote watauliza alimuuzia zipi. Akisema ni mali yangu iliyoibwa, kuna afisa wa polisi wa Timau ambaye angependa sana kusikia habari hiyo ikianzia mwanzo. Abdulatif alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu mwenye watoto.

"Ni zenyewe, mzee," Mutahi akasema.

"Sema kwa nguvu, wa nyuma pia wasikie."

"Ni zenyewe!"

"Asante. Na amplifaya yangu nayo bado haijafunguka. Dada yangu anasema ile imefunguka iko hapa, chini ya meza. Na hiyo mashine ya santuri. Tumekuja na pickup."

Mlangoni alisimama Kabura, leso yake imepungua uzi mmoja. Mutahi alimtazama kwa uchungu wa mtu aliyeachwa na mchumba.

"Mama, na ule mchele?"

"Hata mchele ni kama kiatu, kijana yangu," Kabura alisema kwa huruma. "Upike polepole. Miezi tatu, utafunguka."

Walibeba vyote, na wateja wakawasaidia. Mutahi alipobaki na hedfoni za simu mkononi, wa kwanza kwenye foleni akazivaa, akasikiliza, akauliza kwa sauti kuu kwa nini anasikia nyuki. Foleni ikaisha kwa adabu, mmoja mmoja, kisha bila adabu. Abdulatif alirudia pasi zake.

Mtu mwenye akili angepanda basi siku hiyo. Mutahi alikuwa na akili, na basi alilipanda mara mbili, na mara zote mbili aliteremka kabla halijafika Kiganjo. Jumapili iliyofuata alionekana akipanda njia ya Ruring'u baada ya ibada, suti imepigwa pasi, mkononi kifurushi cha pishori.

Hicho ndicho kiingilio cha kwa mzee Hezekiah, na bado ni hicho hadi leo. Kabura humpokea mlangoni, humimina mchele wote kwenye uteo na kuukagua kuanzia wa chini. Ukiwa safi, Mutahi huruhusiwa kuketi sebuleni, na mzee humvalisha hedfoni kwa mikono yake. Pumzi huja. Vidole huteleza kwenye nyuzi. Mutahi hufumba macho, na mdomo ule uliowaliza watu kutoka Karatina hadi Timau hutulia kabisa.

Kisha, kila Jumapili, ubeti wa mwisho ukiisha, yeye akiwa amebana pumzi akingoja kile kiti kisukumwe, mzee Hezekiah huinyanyua sindano ya santuri.

"Wimbo umeisha," husema. "Stima nalipa mimi."