Bunduki Iliyonyooka na Kunguru wa Raskazone

Kunguru alishuka uani, akachagua kifaranga kinono kuliko wenzake, akaondoka nacho bila hata kugeuka nyuma. Kandambili ya Bi Sabiha ilimkosa kwa mbali, ikaruka ukuta na kuangukia barabarani mbele ya Hosea.

Hosea akaiokota na kuipangusa vumbi. Akaitazama nyumba: bati jipya, gari chini ya turubai, na mama mtu mzima mwenye bangili za dhahabu, anayewalaani kunguru mpaka ukoo wao wa mbali. Moyo wake ukafurahi. Riziki ilikuwa imemrukia yenyewe, tena ikiwa na mkanda wa plastiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nirushie kandambili yangu."

"Kandambili haiui kunguru, bibi. Dawa yao ni bunduki ya upepo. Bei nafuu, haina makelele, na inapiga pale unapolenga."

Bi Sabiha akamkagua kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe si wa hapa."

"Mimi wa Lushoto, bibi."

"Ahaa. Mbali na hawa mashetani." Sauti yake ikalainika ghafla. "Basi njoo nayo kesho asubuhi."

Hapa inabidi tumtendee haki Hosea. Mola alimpa ulimi laini, lakini mtaji wake hasa ulikuwa uso. Ulikuwa uso usiokaa kichwani mwa mtu. Waliolizwa naye Moshi, Same na Korogwe walikwenda kushtaki, na walipoulizwa mtu mwenyewe yukoje, walikuna vichwa na kusema, "Mwanamume. Wa kawaida tu." Kwa uso huo alikula, akalala, na kurudi mji uleule baada ya miezi kuwauzia watu walewale. Siku uso ule ungekumbukwa na mtu yeyote, Hosea angelazimika kutafuta kazi, jambo ambalo lilimtisha kuliko jela.

Kazi yake yenyewe ilikuwa rahisi. Alikuwa na bunduki moja ya upepo iliyonyooka, aliyoipenda kama mke, na nyingine mbovu alizozinunua kwa wauza vyuma chakavu na kuzing'arisha kwa kiwi ya viatu. Mteja alionyeshwa ile nzima, akakabidhiwa mbovu.

Kesho yake alimkuta Bi Sabiha uani pamoja na wifi yake, Semeni, mwanamke mnene mwenye macho ya kuchekacheka. Hosea akafungua begi refu, akaanza mahubiri.

"Wateja wengi hukosea hapa, mama zangu. Mtu anaona bunduki ina darubini, ina mkanda, ananunua. Ya bei kubwa mno inataka pampu yake na vipuri vya Ulaya, ikiharibika unaigeuza fimbo ya kuchungia mbuzi. Ya bei ya chini mno hata mbu anaicheka. Ninyi mnataka ya katikati. Unakunja mtutu hivi, unatia kidonge cha risasi, unaurudisha, basi. Mtoto wa shule anaiweza."

"Na kibali?" Semeni akauliza.

"Mama, huu ni upepo. Nani aliwahi kuomba kibali cha kupumua?"

Bi Sabiha hakucheka. "Mimi sitaki hadithi. Nataka nijue ikipiga mara tatu, inapiga palepale?"

Swali la mtu anayejua! Hosea alishtuka kidogo, lakini akaweka kopo la maziwa juu ya ukuta, akapiga mara tatu. Matundu yote yangefunikwa na kifungo kimoja cha shati.

"Kopo halina mbawa," Semeni akasema.

"Wala halili vifaranga," Bi Sabiha akaongeza. "Nipigie kunguru."

"Karibu mwenyewe, bibi. Nitakushikia kitako cha bunduki."

"Mikono yangu inatetemeka. Na huyu haoni vizuri. Piga wewe, tujifunze. Simama pale katikati, penye mwanga. Na hiyo kofia ivue, nione jicho lako linavyolenga."

Nani asiyependa kutazamwa na wanafunzi wasikivu? Hosea alivua kofia, akasimama katikati ya ua kama bwana harusi, akalenga kunguru aliyetua kwenye mnazi. Pwaa! Ndege akaanguka chini.

Kisha kunguru mmoja akapiga kelele, wakajibu wawili, na kabla Hosea hajashusha mtutu anga la mtaa wa Raskazone lilikuwa jeusi. Walizunguka wakipiga kelele za msiba. Hosea alipogeuka, wanawake wote wawili walikuwa wamekwisha kuingia barazani na kufunga wavu.

Yeye aliona ni baraka. Katika vurugu ile aliitia bunduki nzima begini, akatoa ile iliyopinda, akapokea fedha yake kupitia upenyo wa mlango na kuaga kwa heshima zote. Hakujiuliza kwa nini bibi yule hakuomba hata apunguziwe.

Hakufika mbali. Kunguru wa kwanza alimdonoa utosini mbele ya geti. Alipovaa kofia, wa pili akaichukua. Alipanda bodaboda, kundi likamfuata juu likimtangaza mtaa kwa mtaa, mpaka dereva akasimama. "Kaka, shuka. Mimi nina watoto." Katika mtaa wa Ngamiani kulikuwa na mwenye duka aliyekuwa tayari kununua bunduki tatu kwa ajili ya panya wa stoo. Hosea alipoanza tu kuzungumza, bati likajaa kucha, na wapita njia wakasimama kumshangaa. Mwenye duka akamtazama kwa makini. Akatazama pua yake, masikio yake, kovu dogo la kidevuni. Katika maisha yake Hosea hakuwahi kutazamwa hivyo.

Alibadili shati. Alivaa miwani. Alinyoa kichwa. Kila alipochungulia nje ya nyumba ya wageni walikuwepo juu ya nyaya wakimngoja, na mama ntilie aliwaambia wateja, "Ndiye huyo, yule wa kunguru." Hata stendi hakuweza kufika bila msafara. Hosea akaogopa kweli. Mwisho alijifunika shuka la kitandani, akabeba begi lake, akakimbia kurudi kwa Bi Sabiha, aliyewajua kunguru hao mpaka ukoo wao.

Uani kulikuwa na amani ya ajabu. Vifaranga walichakura kwa raha zao. Kwenye kamba ya nguo, yule kunguru aliyekufa alining'inia kwa mguu mmoja, na hakuna mwenzake aliyesogea karibu.

"Bibi, wamenijuaje?"

"Si walikuona? Ulivua kofia." Bi Sabiha alimsogezea kigoda bila hasira. "Marehemu mume wangu Suleimani alipiga mmoja tu, na mpaka anatiwa kaburini alikuwa akienda msikitini kwa vichochoro. Hawasahau, na wana wao huwasimulia. Maiti ya mmoja ikitundikwa hawatui hapo, lakini aliyeua hana maisha tena. Kila mtu mtaa huu anajua. Atapiga nani?"

"Mtu wa Lushoto," Semeni akajibu kwa upole.

Hosea akalivuta shuka hadi machoni. "Nisaidieni niondoke mjini."

"Tutakusaidia. Fedha yangu kwanza. Hiyo bunduki uliyoniachia tumelenga kopo, tukatoboa ndoo ya Semeni. Na ile iliyonyooka, iache."

"Huo ni wizi! Nitakwenda polisi!"

"Nenda. Mimi nitasema sijawahi kukuona. Na uso kama huo nani mwingine ataushuhudia? Labda uwaite kunguru."

Hosea alitoa fedha. Bunduki aliitoa kwa shida zaidi, akiupapasa mtutu, na machozi yakamlengalenga kwelikweli. Bi Sabiha akafungua kabati la ukutani ili aiweke. Ndani yalisimama mabegi marefu manne, sawa na lake. Kando ya mabegi hayo yalining'inia mabaibui, yamepangwa kwa urefu.

"Chagua linalokutosha," akasema. "Lile refu usilitazame, kalichafua mwenzio wa Arusha. Nikabu na glavu utapewa na Semeni. Utalirudisha kwa basi, namba yangu imeandikwa ndani."

Hivyo Hosea alitoka Raskazone mchana kweupe, ameachiwa macho tu. Kunguru walimtazama toka juu ya ukuta, wakaendelea na mambo yao. Alitamani kuruka kwa furaha. Bajaji ikasimama.

"Shikamoo, mama. Stendi? Elfu kumi na tano."

Nauli ilikuwa elfu tatu, kila mtu anajua. Hosea akavuta pumzi ya hoja tamu kuliko zote alizowahi kutoa, akakumbuka sauti yake nzito, na dereva kijana anayemtazama kwa adabu kupitia kioo.

Akanyoosha mkono wenye glavu, akalipa.