Ombi la Kuipunguzia Kumbukumbu Mashine ya Zahanati ya Nkhambala

Kijiji cha Chizuma,
Jumatatu.

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Wilaya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Na kama unaumwa, basi uwe mgonjwa mmoja tu. Mimi nimekuwa watatu kwa miaka tisa, na sikuwahi kumsumbua mtu mpaka mlipotuletea kompyuta.

Mtu mwenye busara hawi na kitabu kimoja cha afya. Mimi nilikuwa na vitatu: kimoja cha zahanati ya Nkhambala, kimoja cha hospitali ya misheni, na kimoja cha zahanati ya shamba la chai, ambacho ndicho nilichokuwa nikimwonyesha mke wangu, NaMbewe. Hicho kina mafua tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine haina adabu ya kusahau, tena imeunganishwa na za misheni na za shamba la chai. Niliweka kidole gumba mara moja tu, habari za vitabu vyote vitatu zikatokea kwenye kioo. Muuguzi, Sista Towera, akauliza kwa sauti, "Baba Kamtengo, ninyi watatu mmezaliwa tumbo moja?" Foleni nzima ikacheka, hata yule aliyekuja na maumivu ya jino.

2. Umri. Kitabu kimoja kinasema nina miaka 52, kingine 58, kingine 61, kutegemea siku hiyo niliamkaje. Mashine imechagua 61 bila kuniuliza.

3. Simu ya nyumbani kwetu ni moja, na anayekaa nayo ni NaMbewe. Saa moja asubuhi ukaingia ujumbe wa mashine: "Ndugu Fackson Kamtengo, kumbuka dawa ya presha. Punguza chumvi." Siri ya miaka tisa ikafa kabla ya chai. Mheshimiwa, sikumficha kwa ujanja. Kaka yake alianguka shambani kwa presha hiyo hiyo, nami niliona NaMbewe alivyomlilia. Sikutaka alie tena kwa ajili yangu. Nampenda sana, ingawa mambo haya kwetu hatusemi.

4. Sasa nakula dagaa wa usipa wa kuchemsha, wasiojua chumvi ni nini. Nikinung'unika naambiwa, "Kula, baba. Ukitaka chumvi, kaiombe hiyo mashine yako." Ndoa hii ina miaka thelathini na moja, na leo tuko watatu mezani, pamoja na mashine.

5. Sista Towera amegundua kwamba zahanati na misheni zilikuwa zinanipa dawa ile ile kwa majina mawili, nami nikimeza zote. Anasema ndiyo iliyonipa kizunguzungu. Yaani nimenyang'anywa hata kizunguzungu, na ndicho kilichokuwa kikiniokoa na kulima!

Kwa hiyo naomba kwa heshima mashine ipewe siku moja ya kusahau kila juma, Ijumaa inafaa. Pili, iapishwe kutunza siri kama wazee wa baraza la chifu. Yote hayo yakishindikana, niandikishwe rasmi kuwa watu watatu, tupokezane foleni kwa zamu. Ila yule wa mafua peke yake ndiye atambuliwe kuwa na mke.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa geti, na fundi aliyefunga umeme wa jua, japo ni yeye aliyehakikisha mashine hailali. Sista Towera msalimie kidogo tu.

Wako mtiifu, kwa niaba ya wote watatu,
Fackson Kamtengo

Nyongeza: Nimekwenda kuchota unga kidogo wa kugandishia bahasha, nikakuta kitabu cha pili cha afya cha NaMbewe kimefukiwa ndani ya pipa la unga. Mwandiko wa daktari siuwezi, lakini neno "uvimbe" nimelisoma, na tarehe ya kurudi imepita miezi minne. Hakuniambia. Alhamisi namleta, hata kwa kumbeba mgongoni. Nakuomba sana, mashine isisahau hata mstari mmoja. Ujumbe wake utumwe kwenye simu ile ile. Tangu leo nalala nayo mimi.