Heroe, Perege na Mtumbwi wa Baba Mkwe

Jumamosi, 25 Oktoba 1997

Ziwa Singidani limerudi nyuma tena. Palipokuwa na maji wakati wa Pasaka leo nimepita na viatu vya kanisani, havikulowa. Chumvi nyeupe kila mahali. Harufu ya yai viza. Watu wa Mwankoko wanasikitika. Mimi nami nikasikitika, kiasi cha heshima. Halafu nikainua macho.

Heroe! Upande wa magharibi wote umegeuka rangi ya waridi. Ndege wenye miguu kama fito, shingo kama mpini wa mwavuli. Mwaka maji yalipojaa hakuonekana hata mmoja. Maji yakizidi uchungu samaki wanakufa, na hawa ndio kwanza wanashiba: kinaota kitu cha kijani kwenye chumvi, wanakichuja kwa midomo. Hayo nimeyagundua mwenyewe kwa kukaa juu ya jiwe. Tangu nipunguzwe kazi ghalani nina nafasi kubwa ya kukaa juu ya mawe.

Zamani tulisubiri kupangiwa. Sasa ni soko huria. Huko Arusha watu wanajenga nyumba za ghorofa kwa sababu ya watalii wa tembo. Tembo si wao, hawawalishi, hawawachungi! Mimi nina heroe.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mpango unataka darubini. Darubini Mwankoko yote ni moja, anayo Miraji, mvuvi, mshindani wangu tangu tukiwa shule. Aliachiwa na mtu aliyekuja kutafuta dhahabu akaondoka bila dhahabu.

Nimempa mtumbwi na nyavu.

Naandika upesi lipite. Mtumbwi ni wa marehemu baba mkwe, mzee Melkizedeki. Aliuchonga kwa mninga uliotoka Itigi, akamwachia Magreth, mke wangu, maana hakuwa na mtoto wa kiume. Lakini ungebaki kufanya nini? Kupasuka juani? Nilihakikisha kwanza. Kuna pahali chemchemi inaingia ziwani, maji bado matamu. Pale perege waliobaki wamesongamana kama watu kwenye foleni ya sukari ya zamani. Nikamchota mmoja kwa sufuria. Ukubwa wake ni wa kidole gumba, na mdomo umejaa mayai! Samaki akifikia kula mayai yake mwenyewe, huyo amekwisha.

Nikamwonyesha Miraji kama ushahidi. Alimtazama sana yule samaki. Akamrudisha majini taratibu, kama anamlaza mtoto. Akasema kweli kaka Chediel, wamekwisha hawa, pole sana. Kisha akabeba nyavu haraka kuliko nilivyopenda.

Magreth nimemwambia mtumbwi uko kwa fundi, unazibwa nyufa.

Alhamisi, 6 Novemba

Benchi la watazamaji limepatikana. Ni la kanisani, la mwisho kabisa, linalokaliwa na wachelewaji. Mimi ni mzee wa kanisa, nimejipa ruhusa.

Nikakaa, nikaweka darubini machoni. Benchi likazama mguu mmoja kwenye tope. Nilipoinuka darubini ilikuwa inatazama kwenye chemchemi. Hapo nikaona nisichokitaka. Perege wa kidole gumba alitema. Si mayai. Watoto! Wingu la vitoto kama punje za ulezi vyenye macho. Kivuli cha ndege fundichuma kikapita, mama akafungua mdomo, vitoto vyote vikaingia ndani kama watu wanaokimbilia nyumbani mvua ikinyesha.

Hakuwa anakula. Alikuwa amebeba. Ziwa limembana, naye hakungoja kuwa mkubwa. Amezaa akiwa mdogo vilevile, na watoto anatembea nao.

Miraji alijua. Alijua siku ile akiwa na samaki mkononi.

Nilikaa pale hadi jua likanichoma shingo. Nilitaka kwenda kumwambia nimebadili mawazo. Nikawaza atakavyocheka. Kwa hiyo sikwenda. Badala yake nikapiga hesabu nyingine: perege wakubwa wanahitaji mvua. Mvua isiponyesha, mimi bado nina akili.

Jumapili, 16 Novemba

Siku mbaya. Mchungaji ametangaza maombi ya mvua, viwanjani, watu wote, hata majirani Waislamu wamekuja kusimama nasi. Magreth amepanda uwele kwenye vumbi na kila jioni anafukua kidogo kuona kama mchwa wameacha kitu. Na nani kachaguliwa kuongoza sala? Mzee wa kanisa Chediel.

Nilifumba macho. Nikamshukuru Mungu kwa vitu vingi, kimoja kimoja. Nikafika kwenye mvua. Nikamwomba aanze na Manyoni. Nyuma yangu Bibi Damari, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akaitikia: na Mwankoko! Nikaomba aipitie Itigi, kule wana shida sana. Na Mwankoko! Nikaomba Ikungi, nikaomba Kilimatinde, nikasema sisi huku ni watu wa subira. Bibi Damari akaja mbele, akanishika bega, akasema mjukuu wangu umechoka, kaa. Akamaliza yeye. Maneno manne tu: Baba, tuna njaa, leta.

Nilisema amina. Magreth alikuwa ananitazama. Hakufumba macho muda wote, nadhani.

Jumamosi, 29 Novemba

Wageni! Wazungu wawili, gari lao limekufa Singida mjini likielekea Mwanza, fundi kawaambia wangoje. Nikawadaka. Nikawatembeza hadi ziwani nikiwaeleza kwa Kiingereza changu chote, nacho hakikufika mbali. Nikawakalisha kwenye benchi la wachelewaji. Mama wa kizungu akachukua darubini, akasema aaa!

Tone moja likaanguka kwenye kioo.

Halafu yote. Mvua ya kumwaga kwa ndoo. Radio ilikuwa imesema Elinino, mimi nikadhani ni mchezaji mpira. Heroe waliinuka wote kwa pamoja, waridi lote likaenda juu, likazunguka mara moja kama linaniaga, likaishia kwenye mawingu. Wazungu wakakimbia. Benchi likabaki.

Njiani kila mtu alikuwa nje anacheza. Bibi Damari alikuwa amekaa kwenye kiti uani, analowa, anacheka peke yake. Magreth alisimama katikati ya shamba viganja wazi. Akaniita nije. Nilikwenda. Nilikuwa nalia, akadhani ni furaha.

Jumatano, 14 Januari 1998

Inanyesha bado. Maji yamefika kwenye jiwe langu, yamelipita. Chumvi imekufa. Heroe hakuna hata unyoya. Watoto wakiniona wanaita shikamoo Bwana Heroe, na kwa kuwa wametanguliza shikamoo siwezi kuwakaripia.

Leo Magreth kaniuliza fundi gani huyo anayeziba nyufa tangu Oktoba. Nikamwambia mninga ni mgumu. Alikwenda nyuma ya nyumba, pale mtumbwi ulipokuwa ukilazwa, akapangusa ardhi kwa mkono kama anatafuta sindano. Baba yake alimfundisha kukaa kwenye mtumbwi ule kabla hajajua kutembea vizuri. Ndani kuna alama za tezo. Aliniambia, wakati wa uchumba, kwamba akipitisha vidole humo anasikia mzee anavyopumua akichonga.

Nami nimeubadilisha kwa vioo viwili na kamba ya shingoni. Sikupata usingizi.

Ijumaa, 3 Aprili

Perege wamerudi! Wakubwa kama kiganja, wanono. Watoto wa vidole gumba vile, waliotapakaa ziwa zima mvua ilipowafungulia mlango. Miraji anawapandisha kwa matenga. Magreth alikwenda kununua mboga, akamkuta Miraji anashuka kwenye mtumbwi wa baba yake.

Alirudi, akaweka kapu chini. Hakupiga kelele. Akachukua kigoda cha mama yake, akaenda nacho ziwani.

Nimesimuliwa na kila mtu. Amekaa ufukweni, anaamkia wakubwa, anaitikia wadogo, anawauliza habari za mashamba. Kila mwanamke akija na sufuria, Magreth anamwambia kwa upole: nunua dada, huo ndio mtumbwi wa baba, karibu sana. Wanawake wanatazama mtumbwi, wanamtazama Miraji, wanageuza na sufuria zao.

Jumanne, 7 Aprili

Bado yuko kule. Mimi napika. Uji wangu umeungua. Miraji kapita hapa ananilaumu mimi, eti kaka nitolee mkeo, samaki wananiozea! Nikamwambia jaribu wewe.

Alhamisi, 9 Aprili

Miraji ameuleta mwenyewe, na nyavu ndani, zimeshonwa. Kamwomba Magreth radhi kwa heshima zote, shemeji huku, shemeji kule. Mimi amenidai darubini yake, nikampa. Magreth aliinama, akapitisha vidole kwenye alama za tezo. Ndipo akaniambia neno la kwanza tangu Ijumaa: kwamba siku ile ya maombi alihesabu vijiji vyote nilivyoviombea, akangoja jina la kwetu wenyewe.

Nimeapa. Naandika hapa nilione kila siku: sitagusa tena kitu cha mtu. Nitavua, nitalima, nitakaa na ziwa lilivyo.

Jumamosi, 18 Aprili

Mwari! Wameshuka leo asubuhi, ndege weupe, wakubwa kama mbuzi, mamia kwa mamia. Wamewafuata perege. Ziwa likiwa chungu heroe, likiwa tamu mwari. Kumbe biashara ya ndege haifi, ni ndege tu wanabadilishana zamu! Heroe ni mkimbizi, ila mwari ana kifuko mdomoni, ana kitambi, huyu ni wa kukaa. Barabara ya Mwanza imeharibika kwa mvua, magari yanakwama mjini kila siku. Benchi nimelikuta kwenye matete, zima.

Kinakosekana kitu kimoja. Nimepita kwa Miraji kumsalimia tu. Darubini inaning'inia mlangoni. Kaniuliza, huku anachokoa meno, safari hii nina nini cha kubadilishana.

Magreth amekwenda Kilimatinde kwa dada yake. Anarudi Jumatatu.

Nyavu zile, ukizitazama vizuri, ni nyingi kuliko mtu mmoja anavyohitaji.