Malalamiko ya Kufukuzwa Kasino kwa Kosa la Kushinda Nikiwa Chooni

Kwako Ndugu Meneja wa Kasino,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama unaumwa, iweke kando kwanza upone, maana ina maneno. Mimi ni yule mzee mnayemwita Babu Koti, mteja wa kiti cha pembeni kwenye meza ya ruleti. Wiki iliyopita mlinzi wako alinisindikiza hadi barabarani akaniambia, "Babu, usirudi tena, umetufilisi." Naandika kwa heshima zote, na zikipungua katikati ya barua utanisamehe.

1. Nimeliwa hela kwenu miaka na miaka, tena kwa adabu. Sijapiga meza, sijalia, sijamtukana binti anayezungusha gurudumu. Yale mapazia mekundu ya mlangoni, kila nikiyaona najua kuna kipande changu mle. Muda wote huo hamkuniita ofisini hata siku moja mkaniuliza, "Mzee, unatumia mbinu gani kupoteza hivi?" Nimeshinda mara moja tu, eti nitoe mbinu! Huo ni ubaguzi.

2. Mbinu yenyewe sina, kwa sababu sikuwepo. Nilibanwa na haja, nikaacha kete moja ya dau mezani kushika nafasi yangu, kama mtu anavyoacha kofia kwenye kiti cha kinyozi. Niliiweka kwenye namba nane kwa kuwa nane ndiyo iliyokuwa mbele ya kiti. Nikaenda chooni. Kitasa chenu kikagoma kufunguka. Nikagonga, nikaita, mwisho nikaimba. Nani anisikie na ule muziki wenu? Huku nyuma gurudumu likasimama kwenye nane. Binti alipoona sipo kuchukua, akarundika ushindi palepale juu ya nane, akazungusha tena. Nane! Akazungusha tena. Nane! Fundi aliponitoa kwa bisibisi, nilikuta watu wameizunguka meza wanashangilia, na wewe umekaa sakafuni, tai imefika mgongoni. Sasa niambie, Ndugu Meneja: meza yenu, gurudumu lenu, kitasa chenu. Changu kilikuwa kibofu tu. Nani kamchezea nani?

3. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amehamia kwetu na ndoo ya maji. Ananinywesha tangu asubuhi, na nikikimbilia chooni tu, yeye anagawa karata na jirani. Akishinda, ananigongea mlango: "Shemeji, usitoke kwanza, mambo yamenyooka!" Akishindwa, ananinunia, eti nimetoka upesi, sina moyo wa kusaidia ndugu. Mke wangu nilimshtakia, nikidhani atanitetea. Alichofanya ni kuniwekea mto mle ndani, na gazeti.

4. Hili ndilo kubwa, na nimelifikiria kwa faida yako. Nikiwa mezani, kasino inashinda. Nikiondoka mezani, kasino inashindwa. Kwa hiyo anayewaumiza si mimi, ni kutokuwepo kwangu. Nanyi mmefanya nini? Mmenipiga marufuku! Yaani mmefanya nisiwepo asubuhi, mchana, jioni na sikukuu zote! Hivi ofisi nzima hamkupata mtu mmoja wa kuliona hilo? Kwa mwendo huo mtauza mpaka mapazia, na mimi nina kipande changu mle.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe kiti changu, ikibidi kwa mshahara, niwe mfanyakazi wa kuwepo. Nikibanwa, nitakuja kwako kuomba ruhusa kwa maandishi. Naahidi kupoteza kama zamani, kwa uaminifu. Ushindi siutaki tena, Ndugu Meneja, nakuapia. Nataka tu mahali pa kukaa ambapo hakuna mtu anayeniuliza nimekunywa vikombe vingapi.

Nisalimie binti wa gurudumu, mwambie mkono wake sina ugomvi nao. Msalimie mlinzi, kwa mtu wa kazi ile, alinishika kwapa vizuri sana. Wasalimie mkeo na watoto, na fundi wa bisibisi. Kitasa sikisalimii.

Ni mimi mpotezaji wako mtiifu,
Babu Koti

Nyongeza: Barua hii nimeiandikia humu humu chooni kwenu na nitaisukuma chini ya mlango, anayepita akuletee. Niliingilia jikoni, nikiwa nimevaa gauni la mke wangu. Kitasa leo ni kizima, nimejifungia mwenyewe. Tafadhali mwambie mlinzi asigonge mpaka gurudumu lisimame, maana shemeji yuko mezani na ameweka kila kitu kwenye nane.