Marehemu wa Nakapanya

Jumatatu, 6 Machi 1995

Tangazo limebandikwa ubaoni, nje ya ofisi ya Mkuu wa Chuo. Nimelisoma mara tatu. Darasani sikuwahi kukaa hata siku moja. Kusoma nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari na wajukuu wawili, kwa hiyo nasoma polepole, kama mtu anayechambua mchele. Lakini mawe niliyaona. Wafanyakazi wanapunguzwa. Jikoni tuko wapishi wawili, atabaki mmoja. Usaili Alhamisi saa tatu asubuhi. Kila mtu aje na vyeti vyake.

Vyeti! Mimi cheti changu ni hii mikono. Miaka kumi na tisa nasonga ugali wa chuo hiki. Mafundi seremala wa nusu ya Songea wamekula kwangu na wote wananiita Bibi. Nikitolewa jikoni nitakwenda kukaa nyumbani Lizaboni nitazame kuku wanavyochakura? Hapana!

Mpishi mwenzangu ni Benigna. Mtoto wa juzi. Ana darasa la saba, cheti kakitia kwenye nailoni, anakichomoa kama picha ya mchumba. Leo alikileta jikoni. Akasema Bibi usihofu, hawatakuuliza makubwa. Nikamjibu akiondoe, moshi utamharibia, na akishamaliza kukisoma aje avunje vidonge kwenye ugali wake.

Saa nne nikapata akili. Aliyefiwa hafanyiwi usaili. Nikipata wiki moja ya kupumua, habari ya cheti nitajua la kufanya. Basi nikaingia ofisini nikalia. Nikasema mdogo wangu Polycarp amefariki.

Polycarp yuko Nakapanya, kule Tunduru. Alioa huko, analima huko, mwaka wa sita hajakanyaga Songea. Nani atakwenda kuhakikisha?

Mkuu ni Mwalimu Brayson, amehamia mwaka jana kutoka Moshi. Mtu mpole. Machozi yalimlengalenga. Akataka kunipa gari la chuo niwahi maziko. Yesu na Maria! Nikasema barabara imekatika kwa mvua, na wameshazika.

Nimelala vizuri mchana huu wote. Mungu anisamehe.

Jumanne, 7 Machi

Kuna tangazo la pili ubaoni, chini ya lile la kwanza. TANZIA. Baada ya kazi, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote waende msibani kwa Bibi Brigita, Lizaboni.

Hilo sikulifikiria! Nilidhani ataniambia pole, basi. Mimi mwenyewe sijawahi kukosa msiba wa mtu hapa chuoni, sasa ningewezaje kusahau kwamba na wao wana miguu?

Nilikimbia nyumbani. Nikatoa meza na kitanda nje, nikatandika mikeka. Wa kwanza kufika ni Benigna. Kanga kiunoni, mkeka kwapani. Akasema atalala chini na mimi mpaka tanga liondoke. Halafu akaangua kilio. Baba Polycarp wee, umetuachia nani wee! Hajapata kumwona hata kwenye picha. Alilia vizuri kuliko mimi, majirani wakaanza kumpa pole yeye. Nikakasirika. Msiba ni wangu! Nikalia kwa nguvu mpaka sauti ikakauka.

Akaja Gaspari, mlinzi wa getini. Yeye ni Mhehe, mimi Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu na msiba wangu ni sherehe yake. Kufika tu akasema Wangoni mnakufa hovyo, vita mlishindwa na sasa hata mvua inawashinda. Watu wakacheka. Akataka nimweleze marehemu alikuwa anatembeaje, ili siku ya kuondoa tanga amwigize. Nikasema anachechemea mguu wa kushoto. Nikajisahihisha haraka: alikuwa.

Jioni Mkuu alikuja na gari. Kuni, maharage, unga debe mbili. Akasema ana jambo lingine la kunifariji. Ametuma tangazo redioni kwa simu, kwa niaba ya chuo, ili ndugu wote walioko mbali wapate habari. Tukafungua redio kusikiliza. Likasomwa kweli. Bibi Brigita wa Lizaboni, Songea, anasikitika kutangaza kifo cha mdogo wake mpendwa Polycarp wa Nakapanya.

Nchi nzima. Nimemwua mdogo wangu nchi nzima.

Jumatano, 8 Machi

Kwaresima hii, na mimi niko katikati ya uongo kama inzi kwenye maziwa. Chakula hakipiti. Nimekula boga tu. Na viazi. Na kile kipande cha samaki alichokileta mke wa jirani, maana kukataa ni dharau.

Wasichana wa darasa la ushonaji wamekuja kwa mstari, kila mmoja na ukuni kichwani. Wameimba. Mmoja nilimtukana wiki iliyopita kwa kurudia mboga. Ndiye aliyeniosha miguu. Nilitaka mkeka upasuke unimeze.

Mchana niliamua. Nikamvuta Mkuu pembeni, nyuma ya nyumba, nimwambie ukweli. Nikafungua mdomo. Yeye akaniwahi. Akasema ananielewa, na yeye baba yake alizikwa bila yeye kuwepo, alikuwa Mtwara kikazi, na mpaka leo akipita makaburini anageuza uso. Akanishika mkono. Nikafunga mdomo. Nikarudi kukaa.

Benigna ameosha vyombo vyote. Ugali ameusonga yeye. Una vidonge. Nimeula wote.

Alhamisi, 9 Machi

Siku ya usaili. Benigna aliondoka asubuhi, amepaka mafuta, cheti mkononi. Nikasema ndani ya moyo, basi, leo ananimaliza na mimi nimekaa hapa nalilia mtu aliye hai anayepalilia korosho zake.

Alirudi saa sita na kufunga kanga kiunoni. Habari nimezipata kwa Gaspari, maana alisimama mlangoni pa usaili na masikio yake hayana likizo. Anasema Benigna hakukaa hata kwenye kiti. Aliwaambia wale mabwana kwamba hawezi kugombea nafasi na mwenzake aliye msibani, huo utakuwa wizi, wamsubiri Bibi mpaka Jumatatu au wamwandike Bibi bila kumwuliza. Akasema tena, hata mkinipa mimi, wanafunzi watamlilia yeye.

Nikakamata kuku wangu wa madoa nikampa Benigna. Akakataa, nikamlazimisha, nikamtukana mpaka akapokea.

Sasa nafikiri. Yule kuku anataga kila siku. Ningempa yule jogoo.

Jumamosi, 11 Machi

Nitaandika haraka kabla mkono haujakataa.

Leo tulikuwa tunaondoa tanga. Uani palijaa. Gaspari akatoka nyuma ya choo na kofia iliyotoboka, fimbo mkononi, anachechemea. Akajitupa mlangoni kama maiti, akakataa kuondoka mpaka apewe pombe. Akawa anaugulia kwamba yeye ni Polycarp, amerudishwa kutoka mbinguni kwa sababu kule hawapokei Wangoni wasionawa. Watu walicheka mpaka kushika mbavu. Hata mimi.

Ndipo akaingia wa pili.

Tope jekundu kutoka utosini mpaka kwenye vidole. Nguo zimemganda. Macho mekundu. Anachechemea mguu wa kushoto. Makofi yakalipuka! Watu wakasema Gaspari kaleta mwenzake, tazama huyu, huyu katoka kaburini kweli! Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akamrushia majivu. Mwingine akamdai kodi ya kaburi. Gaspari alisimama, akamtazama miguu, akanuna. Akasema huyu anazidisha, marehemu hakuchechemea kiasi hicho.

Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya Benigna.

Alikuwa anaita. Dada Brigita! Dada Brigita! Akawa anasukuma watu, anatafuta jeneza. Aliponiona akasimama. Kisha akaanguka miguuni pangu, akanishika vifundo vya miguu kama vile angeniachia ningepaa, akalia. Mwanamume wa miaka sitini. Watu wakazidi kupiga makofi.

Alisikia redio. Jina lake, jina langu, neno kifo. Akajua yeye yuko hai, basi wale wa redio wamechanganya majina, aliyekufa ni dada. Alipanda lori alfajiri. Lori likanasa kabla ya Namtumbo. Akashuka akatembea siku mbili kwenye mvua, na mguu ule, aje anizike.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Benigna. Alimtazama usoni, akanitazama mimi. Kicheko kikazimika mtu mmoja mmoja. Mkuu akaja akaniuliza kwa sauti ya chini, Bibi, huyu ni nani?

Nikasema ni pacha wake.

Polycarp akainua kichwa. Tangu mtoto ana ugonjwa wa kusema kweli. Akasema mama yetu hakuzaa pacha, Polycarp ni yeye, na je, nani kafa?

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenipiga. Watu walikunja mikeka yao. Wale wasichana wa ushonaji hawakuniaga. Gaspari alivua ile kofia akampa Polycarp, akamwambia mtani, samahani, sikujua mwenyewe yupo. Mkuu alitembea mpaka kwenye gari bila kugeuka. Benigna alikung'uta mkeka wake mara mbili, akaubeba kwapani, akasimama mbele yangu. Nikangoja anitukane. Akasema, Bibi, mpashie ndugu yako maji, atashikwa na homa.

Nimempashia. Nimemwosha miguu mwenyewe. Imepasuka yote.

Jumapili, 12 Machi

Nimeungama. Padre Egidi aliuliza nimesema uongo mara ngapi. Nikasema mara tano. Akaniambia nihesabu tena taratibu, watu wengine wasubiri. Nimetoka na rozari tatu na ahadi: kesho kwenye usaili nitasema kweli tupu, hata wakinifukuza. Polycarp amesema bora hivyo. Kisha akakohoa, nikalia.

Jumatatu, 13 Machi

Nimekwenda. Nilinyoosha kanga, nikakaa kwenye kiti mbele ya mabwana watatu na Mkuu. Kabla hawajauliza nikasema sina cheti, sijasoma, na kwa ajili ya hicho cheti nimemwua ndugu yangu.

Wakatazamana. Mkuu akasema, taratibu kabisa, kwamba vyeti vilikuwa kwa walioajiriwa juzi juzi. Sisi wa zamani hatuulizwi vyeti.

Mauaji yote yale ya bure!

Akasema kwangu wana swali moja tu, kwa sababu faili langu halijaandikwa umri. Nina umri gani? Aliyefika hamsini na tano anastaafu. Aliye chini ya hapo anabaki, na Benigna amekwisha kusema hatagombea na mimi.

Nina miaka sitini na tatu. Niliijua pale pale, ilikuwa imenikalia ulimini. Nilimkumbuka Padre. Nilikumbuka miguu ya Polycarp. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikasema hamsini na mbili.

Mkuu aliweka kalamu mezani. Alinitazama, nikatazama dari. Kisha akaandika. Akasema basi nilete cheti cha ubatizo kabla ya Ijumaa.

Jikoni Benigna alinipa chai, akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia vizuri. Akafurahi kweli kweli, akaenda kusonga ugali. Sikuweza kumaliza chai.

Nyumbani nimefikiri. Nitasema vitabu vya ubatizo vya kigango chetu kule Madaba nilikozaliwa vililiwa na mchwa. Polycarp atakuwa shahidi, akipona kikohozi nitamfundisha la kusema. Ni mbishi, lakini nampikia.

Na huu ni uongo mdogo. Hauna maiti.