Bunduki ya Baba Haina Kosa

Kwako Bibi Ashwaq, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wetu,

Shikamoo Bibi. Naanza na siri ambayo hata mama haijui. Ijumaa iliyopita, kule klabu ya shabaha, baba alipokwenda kuswali, mwalimu aliniruhusu kuijaribu bunduki ya baba. Risasi zangu zote zilipita tundu moja. Ile karatasi ya shabaha iko chini ya godoro, na barua hii naiandika nimeifunika kwa kitabu cha kemia. Kwa simu siwezi, maana wewe hutuweka kwenye spika na majirani zako wote wa Al Jaddaf hujibu.

Baba, ambaye hakosi kukosa, anasema kosa ni la mtambo, yaani kile chuma kinachopokea risasi na kuifungia. Hajui aupeleke kwa fundi ukasuguliwe, au aagize bunduki nyingine ya kupimiwa mwilini mwake, kama mtu aliyechoka na kanzu za dukani. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Meza ya chakula imejaa bolti na mafuta ya bunduki. Juzi biriani ilinukia mafuta hayo, wageni wakaulizia kiungo.

2. Ameswali istikhara, kumwomba Mungu amchagulie, juu ya chuma. Akaota maji. Mama anasema maji ni kheri, baba anasema maji ni kutu.

3. Ugonjwa umeenea. Friji ilipokufa alijiuliza wiki nzima, itengenezwe au iagizwe nyingine, tukashindia dengu. Na kaka Yazan alipofeli hesabu, baba alimtazama kwa jicho lile lile.

4. Hatimaye amekata shauri: kesho anaipeleka bunduki dukani ibadilishwe, nami sitaishika tena. Nikisema ukweli namwaibisha, nikinyamaza inakwenda. Basi wewe uliye kiwanda alikotoka, amua: asuguliwe kwako, au tuagize baba mwingine? Bunduki iachwe ilivyo.

Nasikia ndara zake zinakuja mlangoni. Siifichi tena barua hii.

Wasalimie wote wanaosikiliza simu zako.

Mjukuu wako mtiifu,
Ghania

N.B. Baba ameisoma barua yote akiwa amesimama. Akaitaka ile shabaha, akachungulia tundu, akanichungulia mimi. Kisha akasema khalas, basi, hii ya kiwandani haiendi dukani, na mimi Ghania ndiye nitakayeipiga klabuni, yeye akiwa pembeni. Yeye ataagiza ya kupimiwa. Kwa hiyo Bibi, yafute yote ya hapo juu. Ya kupimiwa ni bora mno, mtu wa umri wake hawezi kuishi bila hiyo. Na maji ni kheri.