Usalama wa Mwenyekiti Huko Barbados

Emérite aliona miguu kwanza. Mwenyekiti Marcellin alikuwa amevaa suti ya bluu, tai nyekundu na beji ya Umoja wa Wakazi, lakini viatu vyake vilikuwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa kwa mpira kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyecheka. Tangu Mei kila aliyepita ukumbi wa chini alivaa hivyo hivyo. Bomba la maji machafu lilikuwa limepasuka, na pale mlangoni palikuwa na dimbwi lenye rangi ya chai ya maziwa.

"Ndugu wakazi," alisema Mwenyekiti, "leo historia imepanda ngazi za jengo hili. Nimealikwa Barbados!"

Watu wakapiga makofi. Walipomaliza, wakaulizana Barbados ni wapi.

"Unapita Pretoria?" aliuliza Clémentine, mama wa Uvira aliyeuza parachichi karibu na Park Station.

"Mama Clémentine, ni kisiwa. Cha Karibiani."

"Eish! Sasa kisiwa kinakutafutia nini wewe?"

Mwenyekiti alieleza kwa upole wa mtu anayejua kwamba wivu ni ugonjwa. Mwaka ule, 2012, lingefanyika Kongamano la Kimataifa la Magorofa Bora, naye angesimama mbele ya mataifa kueleza jinsi jengo moja la Joubert Park, katikati ya Johannesburg, lilivyopata mafanikio. Picha ya jengo ilikuwa imeshatumwa. Ilipigwa kutoka ng'ambo ya barabara, kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu.

Emérite alikuwa amekaa nyuma, na mwanawe Inès amelala mgongoni. Kila kikao alikuja na sentensi moja tayari kinywani, akiisubiri ajenda ya mwisho, ile ya Mengineyo. Chumba chake kilikuwa chini, ukuta mmoja na lile dimbwi, na Inès alikuwa akiharisha, anapona, anaharisha tena. Fundi Octavian wa mtaa wa Bellevue alikuwa tayari kutengeneza bomba hilo. Kilichokosekana ni ufunguo wa chumba cha pampu, linamopita bomba lenyewe. Ufunguo ulikaa kwenye mkufu wa Mwenyekiti, kwa kuwa kiongozi asiye na ufunguo ni mpangaji tu. Na mlango ule haukufunguliwa bila kikao kuamua. Na kikao, tangu siku hiyo, kilikuwa na jambo kubwa zaidi.

Jambo hilo ni afya ya Mwenyekiti.

Katibu Placide, aliyewahi kuwa karani wa posta Bujumbura na bado alipiga mihuri hewani alipoongea, aliunda Kamati ya Usalama na Afya ya Msafara. Msafara ulikuwa mtu mmoja. Kamati ilikuwa watu tisa. Walipata kipeperushi cha ushauri kwa wasafiri katika duka moja la tiketi za ndege mtaa wa Fordsburg, wakakisoma kama watu wanaosoma wosia.

"Mbu wa kisiwani huleta homa ya dengue, nao huuma mchana," Placide alisoma.

"Mchana?" Mwenyekiti alishtuka. "Mbu gani hana adabu hivyo?"

Iliundwa Kamati Ndogo ya Mbu. Kipeperushi kilitaja pia mti wa ufukweni wenye matunda mfano wa tofaa, matamu na yenye sumu, ambao hata kujikinga mvua chini yake huunguza ngozi. Ikaamuliwa Mwenyekiti asile tunda lolote wala asisimame chini ya kitu chochote kilichoota. Kilionya kwamba raia haruhusiwi kuvaa nguo za madoadoa ya kijeshi, na Mwenyekiti, kwa uchungu, akalirudisha kabatini koti alilolipenda kuliko ndugu zake.

Ugumu ulikuja kwenye maji. Kipeperushi kilisema maji ya bomba ya Barbados ni salama kunywa.

Kamati ilikisoma tena.

"Ya bomba?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Wamekosea kuchapa," aliamua Placide, akapiga muhuri hewani. Mwenyekiti angechemsha maji.

Kisha yakaja mazoezi. Asubuhi ya Julai, baridi ikiwa inauma masikio, Mwenyekiti alilazwa juu ya paa kwa zoezi la jua. Alipakwa krimu mpaka akang'aa kama andazi, akavishwa kofia pana na miwani. Alitetemeka kwa heshima kubwa. Clémentine, aliyekuwa akianika nguo, alisimama kumtazama.

"Mwenyekiti, hilo jua linakuchoma sana?"

"Mama, tafadhali, hii ni shughuli rasmi."

"Sharp, sharp, nimeelewa. Nikuletee blanketi rasmi?"

Siku hiyo Emérite alipanda hadi juu ya paa akiwa na ile sentensi yake. Alimkuta Mwenyekiti amefumba macho huku watu wawili wakimpepea dhidi ya mbu ambao hawakuwepo. Sentensi ikamkwama kooni. Alipoulizwa anataka nini, alisema amekuja kuangalia nguo zake.

Ndipo Placide akamwona. Kanuni zilihitaji Afisa wa Njia, mtu wa kutazama mbele ya Mwenyekiti na kutikisa kichwa pakiwa salama. Bila kichwa hicho asingepiga hatua.

"Huyu binti anafaa," alimnong'oneza Mwenyekiti. "Hajawahi kukataa kitu tangu tumjue."

Emérite akatikisa kichwa kukubali. Wote wakafurahi: ameshaanza kazi.

Kanuni ya Njia ilipitishwa kwa kauli moja. Mwenyekiti asikanyage wala kuruka maji yaliyotuama yasiyojulikana chanzo, maana humo ndimo maradhi hulala. Placide aliandika ianze kutumika uwanja wa ndege wa Barbados. Mwenyekiti aliona hapo heshima inachelewa. Akasahihisha kwa mkono wake mwenyewe: ianze pale mjumbe anapotoka mlangoni kwake.

Siku ya safari jengo zima lilijipanga kwenye ngazi na kuimba. Usiku ule Inès hakulala, na asubuhi midomo yake ilikuwa imekauka. Emérite alimfunga mgongoni akaenda kusimama mahali pake, kwenye ngazi ya mwisho. Mwenyekiti alishuka polepole, ananukia dawa ya mbu, boya la kuogelea begani, ufunguo ukimeta juu ya tai. Nje teksi ilikuwa ikipiga honi.

Mbele yake lilikuwa dimbwi, kutoka ukuta hadi ukuta.

Mwenyekiti aliinua mguu kama kila siku.

"Mheshimiwa!" Placide alipiga kelele. "Kanuni!"

"Kanuni gani? Hapa ni nyumbani!"

"Inaanza mlangoni kwako. Uliandika mwenyewe. Maji yametuama, chanzo hakijathibitishwa. Ukikanyaga bila Afisa, safari si rasmi tena. Utafika kule kama mtalii."

Neno lile lilipita ngazini kama harufu. Mtalii! Mwenyekiti akaushusha mguu.

"Basi atikise kichwa tuondoke. Binti, tikisa."

Emérite alitazama dimbwi. Alitazama kwa makini, kama alivyoagizwa na Kamati. Kichwa chake hakikusogea.

"Binti, ndege haisubiri!"

"Msimsukume," alisema Clémentine kutoka juu, akimenya chungwa. "Afisa yuko kazini."

Mtu akacheka, kisha ngazi nzima. Mwenyekiti alimgeukia Placide, Placide akageukia kanuni zake, na kanuni zilikuwa wazi. Honi ikalia tena, mara moja tu, halafu gari likasikika likiondoka.

"Unataka nini wewe?" Mwenyekiti alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. "Sema basi! Unataka nini?"

Ngazi nzima ikainama kusikiliza. Hata Placide aliacha kupiga mihuri. Emérite alihisi joto la Inès mgongoni, akafungua mdomo, na sentensi ikatoka yote, bila kukwama.

"Haya ni mavi yetu, Mwenyekiti, na yanamuumiza mwanangu tangu Mei. Nipe ufunguo."